Kodi Mbili, Ufunguo Mmoja

Ufunguo wa nyumba nilikabidhiwa siku ya Alhamisi, mwezi wa tano 2024, katika ofisi ndogo ya shelta, yaani makazi ya muda ya wasio na nyumba, ambayo zamani ilikuwa moteli ya wasafiri, mashariki mwa jiji la Toronto, Kanada. Afisa aliyekuwa na faili letu alikuwa na haraka. Familia nyingine ilikuwa inangoja chumba chetu, masanduku yao yamepangwa kando ya ukuta tangu asubuhi. Alimpigia simu mkalimani, akaweka simu mezani kwa sauti ya juu, na kwa muda wa dakika kama ishirini nikaambiwa yote niliyopaswa kujua kuhusu maisha yaliyokuwa yakinisubiri. Mkalimani alikuwa mwanamume mwenye Kiswahili cha Tanzania, kizuri, cha taratibu. Mwisho kabisa alisema: "Na usisahau mambo ya kodi, mama. Ukiyaacha, ruzuku ya nyumba itakatika."

Nikamjibu kwamba sitasahau. Mimi ni mtoto wa Kisauni, Mombasa, nimekulia nyumba ya kupanga. Kodi ndiyo pesa ya kwanza mama yangu kuitenga kila mwisho wa mwezi, kabla ya unga, kabla ya mafuta ya taa. Aliifunga kwenye pindo la leso na hakuna aliyeigusa, hata mtu augue.

Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye ruzuku ilikatika, na mimi sikuwa nimekosa kulipa kodi hata mwezi mmoja.

Nitafika huko. Lakini haiwezekani kuielewa hadithi hii bila kujua tulikotoka, maana wengi wanadhani familia ikishapewa ufunguo shida imekwisha. Hata mimi nilidhani hivyo.

Tulitua Toronto Juni 2023, mimi na wanangu wawili, binti wa miaka kumi na kijana wa miaka mitano. Sababu za kuondoka nyumbani ziko mbele ya wanaohusika na madai yangu ya hifadhi na zitabaki huko. Majira yale shelta za jiji zilikuwa zimejaa, na serikali zilikuwa zikivutana kuhusu nani agharimie malazi ya waomba hifadhi. Watu walilala nje barabarani katikati ya jiji, wengi wao Waafrika, na katika hao Wakenya na Waganda hawakuwa wachache. Waliotuokoa ni makanisa ya Waafrika na ya Waafrika wa Karibiani. Mimi ni Mwislamu, na nililala na wanangu kwenye ukumbi wa kanisa wiki tano, na asubuhi wanawake wa kanisa lile walinionyesha kona ya kuswalia bila mimi kuuliza. Siku zote nitawaombea. Mwezi wa Julai serikali ya shirikisho ilitangaza dola milioni 212 za malazi ya waomba hifadhi, milioni 97 katika hizo zikiwa za Toronto, na baada ya hapo milango ikaanza kufunguka kidogo kidogo. Mwezi wa Agosti tukapata chumba katika shelta ya familia.

Kile chumba kilikuwa na vitanda viwili, bafu, dirisha linalotazama maegesho ya magari. Nje ya mlango kulikuwa na ukumbi mrefu wenye vyumba pande mbili. Wanangu walifurahi, wakasema ni kama nyumba ya bibi yao, na kweli kimaumbile ilifanana na nyumba ya Kiswahili: vyumba huku na huku, ukumbi katikati. Ila nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele, na pale hapakuwa na mahali pa kukaa na wenzako. Kupika kulikatazwa. Chakula kilikuja saa zake. Ukitaka maziwa ya mtoto nje ya saa hizo, unakwenda dirishani kwa mlinzi, unaomba, unapewa bilauri moja. Na kila usiku kabla ya saa tano mama alitakiwa kuweka saini kwenye orodha kwamba yeye na watoto wake wamo. Usiposaini, kitanda kinaweza kupewa wengine. Silaumu utaratibu huo, kwa sababu niliwaona waliokuwa nje wakikisubiri kitanda hicho. Nasema tu kwamba tulikaa miezi tisa, na miezi tisa ni umri mzima kwa mtoto wa miaka mitano.

Kutafuta nyumba nilianza Oktoba, baada ya kupata kibali cha kazi na vibarua vya usafi. Nilichukua daftari la hesabu la binti yangu lililobaki kurasa, nikawa ninaandika: namba, mtaa, bei, jibu. Hadi tunapata nyumba namba zilifika 43. Hizo ni zile nilizokwenda kwa miguu yangu. Zile za kuambiwa kwa simu kwamba imeshachukuliwa, mara tu waliposikia neno shelta, sikuziandika.

Kwetu, mtu akitaka chumba anakwenda kwa mwenye nyumba au msimamizi wa ploti, anatoa kodi ya mwezi na amana ya mwezi, jioni vyombo viko kwenye mkokoteni. Anayekujua ni jirani, siyo karatasi. Huku kila mwenye nyumba aliniuliza mambo matatu: barua ya mwajiri, mdhamini, na alama za mikopo. Alama hizo, za kupima unavyolipa madeni, huanzia 300 hadi 900, na mimi sikuwa na hata moja, kwa sababu sikuwahi kukopa katika nchi hii. Kwetu kutodaiwa ni sifa. Huku asiyewahi kudaiwa hajulikani, na asiyejulikana hapewi nyumba. Halafu kuna namba ya bima ya jamii: zetu sisi tusio na ukaazi wa kudumu huanza na tisa, na niliwaona wawili watatu wakiitazama ile tisa, kisha wakatazama saa.

Nyumba namba 12 mwenyewe alinitaka nilipe miezi sita mbele. Nyumba namba 20 alitaka "pesa ya uharibifu" kwa kuwa nina watoto. Sikujua wakati ule, na hakuna aliyekuwa amenieleza, kwamba sheria ya Ontario, mkoa ilipo Toronto, haimruhusu mwenye nyumba kudai amana zaidi ya kodi ya mwezi wa mwisho, na kwamba pesa ya uharibifu hairuhusiwi kabisa. Sikujua kwamba kumkataa mtu kwa sababu anapokea msaada wa serikali ni ubaguzi uliokatazwa na sheria ya haki za binadamu ya mkoa. Ningejua ningepata nyumba? Pengine hapana. Mtu asiyekutaka hakosi sababu. Lakini nisingerudi usiku ule kujiona kwamba kasoro ni yangu, kwamba nimewaleta watoto wangu mahali ambapo mama yao hana thamani. Hicho ndicho kilichoniumiza kuliko zile pesa zenyewe.

Mwenzangu wa chumba cha jirani, dada kutoka Kampala, aliona tangazo la nyumba nzuri, ya bei nafuu, picha zinang'aa. Mwenyewe akadai yuko safarini, atume dola 500 kwa intaneti ili amshikie nafasi. Alizituma. Tulikwenda naye siku ya kuhamia, theluji imefika vifundoni, yeye amembeba mtoto mgongoni, mimi nimebeba sufuria. Aliyefungua mlango ni bwana mmoja aliyekuwa akiishi humo miaka saba, na hajawahi kusikia kwamba nyumba yake inapangishwa. Yule bwana alituingiza ndani akatupa chai. Dada yule hakulia pale. Alilia kwenye basi, akiwa amejifunika uso kwa kofia ya mtoto. Tangu siku hiyo nikawa na sharti moja ambalo sijalivunja: mguu wangu usipoingia ndani ya nyumba na jicho langu lisipomwona mwenyewe, pesa haitoki.

Sasa kuhusu ruzuku. Kwa familia kama yangu, mama na watoto wawili, mpango wa mkoa wa kusaidia wenye kipato kidogo, Ontario Works, hutoa dola 360 za matumizi na zisizozidi 697 za nyumba kwa mwezi, na viwango hivyo havijapanda tangu 2018. Watoto wa waomba hifadhi hawahesabiwi kwenye posho ya watoto ya shirikisho hadi madai yakubaliwe, ila mkoa una nyongeza ya muda ya hadi dola 230 kwa mtoto. Ukifanya kibarua, dola 200 za kwanza hazikatwi, zinazozidi hapo zinakatwa nusu. Weka hesabu hizo kando ya kodi za Toronto, ambako besimenti, yaani nyumba ya chini ya ardhi, ya vyumba viwili tuliyoipata ilikuwa dola 1,850 na tukaambiwa tumebahatika. Haiwezekani. Ndipo kuna Canada-Ontario Housing Benefit, ruzuku iliyoanza 2020, inayokwenda na mpangaji mwenyewe popote anapohamia ndani ya mkoa badala ya kufungwa kwenye jengo. Watu wa shelta ndio walioniombea. Huwezi kuamka tu ukaenda kuiomba mwenyewe kama mtu anayefungua akaunti ya benki.

Ruzuku hiyo ina sharti. Ukiikubali, unaondolewa kwenye orodha ya wanaosubiri nyumba za serikali ambazo kodi yake hupimwa kwa kipato chako. Orodha ile Toronto husubiriwa zaidi ya miaka kumi. Nilipewa karatasi nisaini. Nikauliza kwa mkalimani, je, nikitoka kwenye orodha na hii ruzuku ikaja kufutwa, nitarudi nafasi yangu? Jibu lilikuwa kwamba ningeanza upya, mwisho wa foleni. Niliomba siku mbili za kufikiri, na afisa yule, kwa haki nimseme, alinipa siku mbili. Nilisaini. Nikirudishwa nyuma leo ningesaini tena, kwa sababu watoto wasingeweza kukua miaka kumi kwenye chumba cha moteli. Lakini nimeshakutana na akina mama watatu waliosaini bila kujua kwamba wamejitoa kwenye orodha. Walidhani wanaongeza jina. Hilo si jambo la kumwambia mtu juujuu wakati anafunga masanduku.

Tukahamia. Vitanda na meza tulivipata kupitia Furniture Bank, shirika linalokusanya fanicha kwa familia zinazoanza upya, na godoro la kijana wangu likaja siku ya pili. Usiku wa kwanza tulilala watatu kwenye zulia, tumejifunika makoti. Nilikuwa nimeshazima taa binti yangu aliponiita gizani: "Mama, umetusainia?" Nikamwambia huku hatusainiwi, mwanangu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na wakija wakikuta hujasaini?" Nikawasha taa. Nikachukua lile daftari la nyumba 43, nikaandika majina yetu matatu, nikaweka saini, nikamwonyesha. Akalala. Nilifanya hivyo usiku kumi na mmoja mfululizo, hadi mwenyewe akaacha kuuliza.

Wasiwasi wa mdogo wake ulikuwa kwenye friji. Nilimkuta mara nyingi amesimama mbele yake, mikono nyuma, mlango haujafunguliwa. Alikuwa anangoja mtu wa kumwomba. Nikimwambia chukua maziwa, ananiuliza bilauri ngapi.

Mwezi wa kumi na moja baridi ilitukuta vibaya. Kidude cha kurekebishia joto kiko juu kwa wenye nyumba, wazee wawili ambao nao walikuja nchi hii wakiwa wageni, na wao joto lao liliwatosha kwa sababu joto hupanda. Chini kwetu madirisha yalitoa jasho na mtoto akaanza kukohoa. Sikutaka ugomvi. Nilinunua kipimajoto cha dola mbili, nikakitundika juu ya kochi, nikawa ninaandika kila asubuhi: 17, 17, 16, 18. Mfanyakazi wa shelta aliyetufuatilia miezi ya mwanzo alikuwa ameniambia kwamba jiji linamtaka mwenye nyumba anayedhibiti joto alifikishe nyuzi 21 wakati wa baridi, na kwamba nikikwama nipige 311, namba ya simu ya huduma za jiji. Nilikaanga mahamri, nikapanda nayo pamoja na daftari. Mzee aliitazama orodha, akashuka mwenyewe, akasimama katikati ya sebule yangu na soksi zake. Akasema, "Sikujua." Jioni ile joto lilipanda. Najua si kila mwenye nyumba atashuka na soksi, na ninao wenzangu waliolazimika kupiga 311 na mkaguzi akaja. Lakini daftari lilitusaidia wote, mwenye mahamri na asiye nayo.

Yule mfanyakazi wa ufuatiliaji muda wake ulikwisha mwezi wa kumi na mbili. Alituaga vizuri, akasema tunaendelea vyema, akafunga faili. Hapo ndipo ninapotaka wanaopanga huduma hizi wasikilize. Faili lilifungwa tukiwa katika mwezi wetu wa nane ndani ya nyumba. Shida iliyotaka kuturudisha shelta ilifika katika mwezi wetu wa kumi na tano.

Julai 2025 ruzuku haikuingia. Nilidhani imechelewa. Nikalipa kodi kwa akiba na kwa zamu yangu ya chama, maana tuna chama cha kuchangiana cha wanawake kumi na wao walikubali kunirushia zamu mbele. Agosti sikuweza. Nilitoa nilichokuwa nacho, kikapelea karibu nusu. Wiki ya pili karatasi ikapitishwa chini ya mlango. Juu imeandikwa N4, na chini kuna tarehe, siku kumi na nne mbele.

Niliishia darasa la nane, na Kiingereza changu nilijifunzia soko la Kongowea kwa wanunuzi wa kigeni. Ninaelewa bei, ninaelewa kilo. Karatasi ile niliielewa tarehe tu. Nikatoa masanduku chini ya kitanda, nikaanza kukunja nguo. Kijana wangu alipoyaona yale masanduku alikwenda akavaa viatu, akakaa karibu na mlango, bila kusema neno. Binti yangu, sasa wa miaka kumi na miwili, aliokota karatasi akaisoma yote, mbele na nyuma, akaniambia: "Mama, hapa hawajasema tuondoke. Wamesema tukilipa kabla ya hii tarehe, karatasi haina kazi."

Mtoto hakupaswa kuwa ndiye anayesoma karatasi ile. Lakini alisoma sawasawa. Kesho yake tulikwenda kwenye kliniki ya sheria ya mtaani, zile zinazohudumia watu wa kipato cha chini bila malipo, na mwanasheria akatuambia hivyohivyo: N4 ni ilani tu. Mwenye nyumba asipolipwa anaweza kupeleka ombi kwenye Bodi ya Wenye Nyumba na Wapangaji, kunakuwa na kusikilizwa, na hata bodi ikitoa amri, anayeweza kumtoa mtu ni afisa wa mahakama peke yake. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kubadilisha kufuli. Nimewajua watu walioondoka usiku kwa sababu ya ilani, wakaacha hadi godoro, wakarudi shelta wakati sheria ilikuwa bado inawalinda.

Kisha mwanasheria akauliza kwa nini ruzuku ilisimama. Sikujua. Akapiga simu kwa mkalimani, na safari hii akapatikana mwanamke, na kwa salamu tu nikatambua ni mtu wa pwani ya kwetu, upande wa Malindi. Mwanasheria akasema kitu. Mkalimani akaniuliza: "Dada, returns za ushuru umepeleka?"

Ushuru gani?

"Ule wa kila mwaka. Kama wa KRA nyumbani, ila huku mwisho ni tarehe 30 mwezi wa nne. Ruzuku yako inapitiwa upya kila Julai, na wanaangalia hesabu za ushuru. Hukuambiwa?"

Niliambiwa. Nikaisikia tena sauti ya yule bwana kwenye simu mezani: usisahau mambo ya kodi, mama. Kwake yeye, kodi ni ile serikali inayotoza. Kwangu mimi wa Kisauni, hiyo tunaiita ushuru, na kodi ni ya nyumba. Yeye hakukosea, Kiswahili chake ni sahihi kabisa. Mimi pia nilisikia sahihi. Neno moja lenye vyumba viwili, kila mmoja akaingia chumba chake akafunga mlango. Na kwa kuwa vibarua vyangu vilikuwa vya pesa kidogo, haikunijia hata siku moja kwamba serikali ingetaka hesabu zake.

Nyumbani nilikuwa na boksi la viatu. Humo nilikuwa nikitia bahasha zote zenye kidirisha cha plastiki, nikidhani ni matangazo, maana matangazo huku yanaandikiwa jina lako kabisa. Tulilimwaga kitandani. Barua mbili zilikuwa za ruzuku, zote zikieleza jambo hilohilo, ya kwanza ikiwa imekuja miezi kabla.

Maktaba ya mtaani kuna wakati watu wa kujitolea huwafanyia ushuru wenye kipato kidogo bila kuwatoza. Nilikwenda, wakanifanyia wa miaka yote miwili kwa alasiri moja. Mzee wa juu, mwanasheria alipomwandikia, alikubali deni nilipunguze dola 150 kila mwezi, tukaliandika na wote wawili tukasaini. Ruzuku ilirudi Novemba. Miezi ile kati sitaki kuieleza sana. Tulikula wali na maharage, na nilifanya usafi wa usiku katika ofisi mbili huku binti yangu akimlaza mdogo wake.

Tangu hapo akina mama huletwa kwangu. Mmoja anamwambia mwingine, nenda kwa Mama wa besimenti. Mimi si afisa wala mwanasheria, na huwa ninawaambia hivyo mlangoni. Ninachofanya ni kumimina bahasha zao mezani tuzifungue moja moja, na kuwauliza wameelewa nini katika yale waliyoambiwa siku ya ufunguo. Siwaulizi walichoambiwa. Nauliza walichoelewa. Mama mmoja wa Bukavu, aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, miaka tisa kabla ya kufika huku, alikuwa ametafsiriwa ruzuku kuwa "msaada". Kwake msaada ni ule wa kambini: unapewa, na ukianza kujitafutia unanyang'anywa. Kwa hiyo aliogopa kutafuta kazi. Neno ushuru nalo halikumfaa, ikabidi nimweleze kwa urefu, ile hesabu unayoipelekea serikali kila mwaka kusema umepata kiasi gani. Alikaa kimya, akaniuliza kwa nini hawakumwambia hivyo tangu mwanzo.

Wiki iliyopita alikuja mama mwingine, mgeni kabisa, wiki ya tatu nje ya shelta, na mtoto wake wa kiume wa miaka minne. Sisi tukakaa mezani na bahasha. Baada ya muda nikamwona yule mtoto amesimama jikoni mbele ya friji, mikono nyuma. Mama yake akataka kumwita. Kabla hajafungua kinywa, kijana wangu aliinuka kwenye kochi, akaenda, akaushika mlango wa friji na kuufungua wote, akasogea pembeni. "Chagua," akamwambia.

Yule mtoto alichukua muda mrefu. Friji ikaanza kulia kwa kuachwa wazi. Kijana wangu hakuifunga.